Kabla ya kupaka krimu, angalia rangi ya zamani

Wenyeji wa Ikoma wanajua rangi inavyofanya kazi. Vitambaa vya bluu na vyeusi vinavyotundikwa porini Serengeti si mapambo; ni mitego ya mbung'o, ambao huvutwa na rangi hizo. Ndani ya nyumba nako rangi ina kazi yake, na mara nyingine ina madhara.

Chukua mfano wa wanandoa wa Robanda waliohamia nyumba iliyopakwa rangi ya mafuta ya njano miaka mingi iliyopita. Mke, mjamzito wa miezi mitano, anataka kuta zote ziwe krimu. Mume anasema vumbi la barabara ya kwenda getini litaichafua ndani ya wiki moja, heri njano ya mafuta inayofutika kwa kitambaa.

Wote wana hoja. Chumba chenye dirisha dogo hupata nuru zaidi kikiwa na ukuta mweupe au krimu, na mbu aliyetua hapo huonekana haraka, ingawa chandarua hakina mbadala. Kuhusu vumbi, dawa yake ni ya siku nyingi: paka kahawia au kijivu kutoka sakafuni hadi kiunoni, krimu ianzie hapo kwenda juu. Mafundi wengi hufanya hivyo, na kwa kweli hupendeza.

Hatari haiko kwenye krimu. Iko kwenye msasa. Ili kupunguza gharama, mke ameamua kukwangua njano ya zamani mwenyewe, huku mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu akicheza pembeni na kuokota kila kinachodondoka.

Rangi za mafuta za zamani, hasa za njano, nyekundu na chungwa, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Zikikwanguliwa kavu hutoa vumbi laini linalovutwa puani au kushika vidole vya mtoto, kisha mdomoni. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na kwa mjamzito humfikia mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Kwa rangi mpya, ukomo unaopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 za risasi katika sehemu milioni moja za rangi. Kwa kutazama tu, huwezi kujua ukuta wako una kiasi gani.

Kwa hiyo kama rangi ya zamani bado imeshika vizuri, usiikwangue. Ioshe, ipakwe praima, kisha krimu ya maji. Inayobanduka ilowanishwe kwanza, mama na watoto wakiwa mbali, na sakafu ipigwe deki badala ya kufagiwa. Madirisha yabaki wazi, na familia isilale humo hadi harufu iishe.

Jambo jingine: ikiwa kuta zimepuliziwa dawa ukoko ya mbu hivi karibuni, rangi mpya itaifunika na kuifanya isifanye kazi. Subiri muda wake uishe.

Nyumba ya Robanda sasa ina ndoo ya maji na tambara katikati ya sebule. Mke na mtoto wako Nata kwa bibi hadi fundi amalize, na mume ameshapewa mkanda wake wa kahawia.