Mashine mpya za gemu zinakuja: kwa nini wenye mabanda Kikatiti waangalie tundu la diski

Sony haijataja jina wala tarehe ya mashine itakayoifuata PlayStation 5, lakini haifichi tena kwamba inaitengeneza. Oktoba 2025 Mark Cerny, msanifu mkuu wa PlayStation 4 na 5, alitokea kwenye video pamoja na Jack Huynh wa kampuni ya chipu ya AMD, wakaeleza teknolojia wanazoandaa kwa ajili ya konsoli itakayotoka miaka michache ijayo. Juni mwaka huohuo Microsoft nayo ilitangaza kuwa itashirikiana na AMD kwa Xbox zijazo. Tangu hapo vijana wanaotutumia ujumbe kutoka Kikatiti, Maji ya Chai na Usa River wanauliza mambo mawili: itakuwa na nguvu kiasi gani, na itafika lini kwenye mabanda yetu.

Tuanze na nguvu, maana hapo hakuna mengi. Cerny na Huynh walizungumzia mambo matatu. La kwanza ni sehemu maalumu ya chipu ya kukokotoa njia za mwanga, ili kivuli cha mchezaji na mng'ao wa nyasi zenye maji vifanane na vya uwanjani. La pili ni akili bandia inayochukua picha ndogo na kuikuza hadi ijae skrini kubwa bila kuchosha mashine. La tatu ni kubana data zinapokwenda na kurudi kwenye memori. Wenyewe walikiri kwamba kwa sasa mambo hayo yapo kwenye majaribio ya kompyuta tu. Takwimu nyingine zinazozunguka kwenye simu, za gigabaiti ngapi na kasi gani, ni za wavujishaji. Hatutazirudia hapa.

Tarehe inaweza kukisiwa kwa kuangalia nyuma. PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, ya tatu 2006, ya nne 2013, ya tano 2020. Ni miaka sita au saba kila safari, kwa hiyo wanaotaja 2027 au 2028 hawabahatishi sana.

Ila tukisimama kando ya barabara ya Moshi na kuangalia banda lenye televisheni mbili, benchi na pedi zilizofungwa kwa gundi ya umeme, tunaona swali la nguvu si la kwanza. PlayStation 4 inatosha kabisa kumfanya mtu apige kelele akifungwa dakika ya tisini. Linaloshikilia biashara ile ni diski. Mwenye banda ananunua diski moja ya mpira mjini Arusha, wateja wanaichezea msimu mzima, kisha anaiuza kwa mwenzake wa Tengeru au King'ori na kuongeza pesa kidogo apate mpya. Diski ni mali: inauzika, inaazimwa, inawekwa rehani. Na haidai bando.

Sasa tazama mwelekeo. Xbox Series S ilitoka mwaka 2020 bila tundu la diski. PlayStation 5 Pro, iliyoingia sokoni Novemba 2024 kwa dola 699.99, haina tundu. Anayelitaka analinunua peke yake na kulichomeka. Nintendo Switch 2, ya Juni 2025, ina baadhi ya kadi ambazo ndani yake hamna gemu lenyewe, kuna ufunguo tu wa kukuruhusu ulipakue. Kwa takwimu za Sony yenyewe, zaidi ya michezo saba katika kila kumi iliyouzwa kwa PS4 na PS5 katika mwaka wake wa fedha wa 2024 ilipakuliwa kwa intaneti. Kampuni inayoona hesabu hiyo haina haraka ya kutengeneza tundu la diski kwa ajili yetu.

Na kupakua, kwa mtu wa huku, kuna vikwazo viwili. Cha kwanza ni bando. Hata ukipata megabaiti moja kwa shilingi 2, gemu la gigabaiti 50 litakula kama shilingi laki moja kabla hujalilipia lenyewe. Cha pili hakisemwi sana: duka la PlayStation la mtandaoni haliitambui Tanzania. Kenya na Uganda nazo hazimo kwenye orodha ya nchi za kufungulia akaunti. Vijana wanafungua kwa anwani ya Marekani au Uingereza, wananunua kadi za malipo kwa watu wa kati, na wanaishi wakijua kuwa akaunti ile si yao kwa mujibu wa masharti. Diski haiulizi unaishi wapi.

Bei nayo inakwenda kinyume na tulivyozoea. Zamani mashine ilishuka bei kadiri ilivyozeeka. Agosti 2025 Sony iliipandisha PS5 ya kawaida nchini Marekani kwa dola 50, ikafika dola 549.99, ikiwa na karibu miaka mitano sokoni. Kisha ikaja shida ya memori. Samsung, SK Hynix na Micron, ambao ndio watengenezaji wakubwa duniani, wamekimbilia kuwauzia wenye vituo vya akili bandia, na mwishoni mwa 2025 bei za memori zikapaa. Konsoli mpya itahitaji memori nyingi kuliko ya sasa. Sisi hatutarajii iwe rahisi.

Tupige hesabu ya bandani. Dola 550, tukichukua shilingi 2,500 kwa dola, ni shilingi 1,375,000, bila usafiri, ushuru wala VAT ya asilimia 18. Banda linalotoza shilingi 500 kwa mechi linahitaji mechi 2,750 kurudisha pesa hiyo, kabla ya pango na Luku. (Umeme wenyewe si tatizo kama wengi wanavyodhani: mashine ya wati 200 ikiwaka saa kumi inakula uniti 2, kama shilingi 700 na kidogo. Umeme unaoruka ndio unaoua mashine.) Suala la watoto wanaotoroka shule kwenda bandani tunaliacha leo, linataka kipindi chake.

Je, haya yanamhusu nini mtu ambaye hatanunua mashine mpya kwa miaka mitano ijayo? Yanamhusu kupitia PS4 aliyonayo. FIFA 19, ya mwaka 2018, ndiyo ilikuwa ya mwisho kutolewa kwa PS3, miaka mitano baada ya PS4 kutoka. EA Sports FC 26, ya Septemba 2025, bado ilitolewa kwa PS4, nayo ni miaka mitano baada ya PS5. Msimu wowote kuanzia sasa watengenezaji wanaweza kuiacha PS4, na mteja hatakubali kulipa mia tano kucheza na kikosi cha wachezaji waliokwisha kuhama. Hapo mabanda yatahamia PS5 za mtumba, nyingi zikitokea Dubai kupitia Kariakoo.

Na PS5 za mtumba si aina moja. Zipo zenye tundu la diski, zinazokubali karibu diski zote za PS4, kwa hiyo kabati la mwenye banda linahama naye. Zipo zisizo na tundu, zinazouzwa kwa bei ya kushawishi. Kati ya hizo, zile nyembamba zilizoanza kuuzwa Novemba 2023 zinaweza kuongezewa tundu, lakini litahitaji intaneti mara moja ili kuunganishwa na mashine. Simu yenye bando inatosha. Zile za zamani, nene, zisizo na tundu, haziongezewi chochote. Atakayeletewa moja ya hizo kwa bei ya chini mno aulize kwanza anayo akaunti gani, na bando la nani.