KARAFUU PEMBA, SOKO UNGUJA

Ndugu wanachama,

Wako wasemao kwamba biashara kurundikana Mjini Unguja na kuipa mgongo Pemba ni majaliwa ya Mwenyezi Mungu. Sisi twasema Mwenyezi Mungu hadhulumu, na twataka neno hili lipimwe kwa mizani.

Ni kweli Unguja ilitangulia kwa bandari yake, yenye maji marefu na iliyositirika na mawimbi. Majahazi yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi. Sayyid Said alipoweka makao huko, wenye fedha wakamfuata. Penye wenye fedha wakaja madalali. Penye madalali yakajengwa mabohari, na meli zikatia nanga. Mwenye duka aijua siri hii: hufungua pale ambapo wanunuzi wameshazoea kupita. Fuata nyuki ule asali.

Tufani ya mwaka 1872 iling'oa mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika kwa wingi, na tangu hapo sehemu kubwa ya karafuu za visiwa hivi hutoka Pemba. Je, soko nalo lilihamia Pemba? La hasha! Zao lilihama, fedha zake zikabaki penye bandari na forodha. Kisha reli iliyoanzia Mombasa ikafika Kisumu mwaka 1901, na biashara ya bara iliyokuwa ikipita Unguja ikageukia huko. Basi si udongo uitao biashara, ni njia. Na njia hutengenezwa na binadamu.

Tutazame umeme. Waya upitao chini ya bahari kutoka bara ulifika Unguja mwaka 1980. Pemba ilingoja hadi mwaka 2010. Miaka 30! Mwenye kutaka kuweka kiwanda katika miaka hiyo angekiweka wapi?

Wala tusiambiwe kuwa Wapemba hawajui biashara. Tembea Dar es Salaam, Tanga na Mombasa uhesabu maduka yao. Mtu yule yule aliyekosa njia kwao amestawi ugenini.

Hatuombi Unguja ipungukiwe na kitu. Twadai gati ya kutosha, barabara na umeme usiokatika, ili mwenye mali apate sababu ya kuja na kijana apate sababu ya kubaki. Kila mwanachama na alichukue swali hili barazani: alimaye karafuu awe mgeni wa soko lake hadi lini?

Wabillahi tawfiq.