Buibui wa Mtumbwini na Dawa Isiyo Dawa

Nataka kutoa fikira zangu juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo, yaani buibui wanaokaa mitumbwini. Wasomaji wasicheke mapema, kwani habari hii yaanza kwa buibui, lakini yaishia katika chungu cha mboga.

Likizo iliyopita nilitoka hapa Mbangala nikaenda kwa mjomba wangu, ambaye ni mvuvi wa Ziwa Rukwa. Mtumbwi wake hufungwa penye matete, na kila alfajiri tuliukuta umejaa tando. Usiku mmoja, tukiwa majini, buibui mkubwa alimwangukia mdogo wangu shingoni. Mtoto aliruka kwa hofu, mtumbwi ukalala upande, maji yakaingia. Ninyi nyote mwajua kwamba Rukwa lina mamba wengi. Basi mimi sisemi buibui waachwe wafanye wapendavyo. Mtu mmoja akishtuka mtumbwini, wote wamo hatarini.

Siku ya pili yake mjomba alikwenda mnadani. Nami nilichukua bomba la shambani na dawa ya wadudu wa mahindi, nikaupulizia mtumbwi wote, ndani na nje. Buibui walikufa, nikajiona fundi. Mjomba aliporudi nilimwamkia, "Shikamoo, mjomba." Hakuitikia upesi. Alinusa kwanza, kisha akauliza, "Umetia nini humu?"

"Dawa, mjomba."

"Dawa humponya mgonjwa," akasema. "Nani alikuwa mgonjwa humu?"

Sikuwa na jibu. Alinituma nilete kopo, akanionyesha picha ya samaki iliyo kwenye karatasi yake. Mimi nilikuwa nimeiona picha ile, nikadhani ni chapa ya kiwanda tu. Kumbe ni onyo kwamba sumu ile huua samaki, isifike ziwani wala mtoni. Mimi msomi wa Kidato cha Tatu nilikuwa sikuisoma, na mjomba aliyeishia darasa la nne aliisoma.

Siku nne mtumbwi ulikaa nchi kavu. Tuliusugua kwa sabuni mbali na ziwa, tukauanika juani. Siku nne hizo hatukuuza samaki, na fedha za madaftari yangu zilikuwa zitoke humo. Tena baada ya majuma mawili buibui walirudi, kwa sababu chakula chao kilikuwa bado kipo.

Hapo ndipo nilipofahamu kosa langu. Buibui hafuati mtumbwi, hufuata nzi na wadudu. Magamba ya samaki huvuta nzi, taa ya usiku huvuta wadudu, na nyufa za mbao ni nyumba nzuri ya kutagia mayai. Ukimwua buibui ukaacha hayo, umefukuza mgeni huku umemwandalia meza.

Wala buibui si adui mtupu. Kandokando ya Ziwa Viktoria, katika nchi za Kenya na Uganda, yuko buibui mdogo ambaye wataalamu humwita Evarcha culicivora. Mwaka 2005 wataalamu walitangaza kwamba buibui huyo hupenda kuwakamata mbu jike walioshiba damu kuliko wadudu wengine. Mbu jike ndiye aletaye malaria. Basi tusiwe wepesi wa kuua kila chenye miguu minane.

Wengine watasema, "Dawa yenyewe ni kidogo, na ziwa ni kubwa." Mimi siafiki. Kwanza, dawa nyingi za shambani zilizofanywa kwa mfano wa sumu ya pareto huua samaki hata zikiwa chache sana majini. Pili, Ziwa Rukwa si lenye kina kikubwa, na halina mto unaotoka. Mto wetu wa Songwe (si ule wa mpakani unaokwenda Ziwa Nyasa) huingia humo, Momba nao huingia, lakini maji hayana njia ya kutoka ila kupanda juu kwa joto la jua. Uchafu tunaoutia tunajitilia wenyewe. Tatu, mtumbwi si mmoja. Kila mwenye mtumbwi akisema "yangu ni kidogo," nani atazijumlisha?

Tukumbuke mwaka 1999. Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Viktoria kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, kwa kuwa watu walikuwa wakivua kwa sumu. Wavuvi wengi wasio na hatia walipata hasara kwa makosa ya wachache. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 hukataza kuvua kwa sumu. Najua mimi sikuvua kwa sumu. Lakini je, samaki angejua nia yangu?

Basi yafaa tufanye hivi. Tando zifagiliwe kila asubuhi, pamoja na vifuko vya mayai, maana kifuko kimoja chaweza kuwa na mamia ya mayai. Mtumbwi uoshwe kila baada ya kuvua, usibaki na magamba. Nyavu zikung'utwe nchi kavu kabla ya kupakiwa. Mtumbwi ufungwe mahali peupe, mbali na matete, na nyufa zizibwe. Taa isiwashwe kabla ya haja. Kazi hii yataka mkono na ufagio tu, na mdogo wangu sasa huifanya mwenyewe, wala haogopi tena.

Wazazi wetu, nawaomba radhi nikionekana kuwafundisha. Nasema kwa sababu nilikosa. Nanyi wanafunzi wenzangu mtakaokwenda likizo upande wa ziwani, mkikuta kopo la dawa nyumbani, wasomeeni wazee karatasi yake yote, na picha zake mziangalie. Tusiite dawa kila kinachouzwa kwa jina la dawa. Samaki wa Rukwa ndio mboga yetu, na ndio madaftari yetu.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu