Kulowea Ughaibuni Kabla ya Kustaafu: Kutoka Siongiroi hadi Uhispania

Msafiri wa ng'ambo katika fasihi ya Kiswahili aghalabu huwa kijana. Katika Ndoto ya Amerika ya Ken Walibora ni mwanafunzi anayeota kufika Marekani. Katika Mbali na Nyumbani ya Adam Shafi ni kijana aliyeihama Unguja kwa hamu ya kuifikia Ulaya. Mtu wa makamo hajapewa nafasi hiyo. Mtu aliyetimiza miaka 50, aliyekwisha kusomesha na kujenga, mwenye ng'ombe zizini na miaka kumi tu iliyosalia kabla ya kustaafu, kisha akakata shauri kwenda kuishi Uhispania, huyo bado anamsubiri mwandishi wake. Kijana akihamia ughaibuni huenda kutafuta maisha. Huyu wa miaka 50 huenda akiwa na maisha mkononi, na kwa sababu hiyo ana mengi zaidi ya kupoteza.

Na amchukulie msomaji mwalimu wa shule ya msingi kutoka Siongiroi, Chepalungu, katika Kaunti ya Bomet. Ni mwalimu wa kukisiwa tu, lakini masharti yatakayomkabili si ya kukisiwa. Mgeni akisikia majina ya Kericho na Bomet huona chai peke yake, na ni kweli kwamba kule juu, Kericho, Litein na Mogogosiek, macho hayaoni ila kijani. Siongiroi imo upande wa chini, katika nchi ya mahindi na maziwa. Huko utajiri wa mwalimu hauhesabiwi kwa mshahara pekee. Huhesabiwa pia kwa ekari, kwa ng'ombe wa kukamwa, na kwa kauli yake kusikilizwa katika kokwet, baraza la majirani ambalo Wakipsigis hulitegemea kusuluhisha mambo yao. Mali ya namna hiyo haipandi ndege.

Kenya iliongeza umri wa kustaafu wa watumishi wa umma kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009. (Wahadhiri wasomao makala haya wasicheke, wao huruhusiwa kuendelea hata baada ya 60.) Sheria humruhusu mtumishi kuacha kazi kwa hiari akitimiza miaka 50 bila kupoteza pensheni. Hapo ndipo wazo la ng'ambo hupata mlango. Lakini lipo jambo lingine ambalo wengi hawalitambui. Miongoni mwa mafao ya Hazina ya Kitaifa ya Hifadhi ya Jamii, NSSF, limo fao la mwanachama anayehama nchi moja kwa moja. Ili alipwe akiba yake kwa njia hiyo, ni sharti athibitishe kwamba anaondoka asirejee kukaa. Mtu anayeenda kujaribu bahati hawezi kusema hivyo kwa dhati. Mtu wa Siongiroi aliyeacha kaburi la babaye nyuma ya nyumba hawezi kusema hivyo bila ulimi kumtatiza. Fomu moja ya ofisini inamdai aseme neno ambalo hata kwa mkewe pengine hajathubutu kulitamka.

Kiswahili kina kitenzi cha hali hiyo: kulowea. Maana yake ni kuhamia mahali pageni na kukaa hadi ugeni ukaisha. Kwa umbo kinafanana na kauli ya kutendea ya kulowa, ingawa umbo peke yake si ushahidi wa asili, na wanaisimu waachiwe shughuli yao. Kinachopasa kuzingatiwa ni nomino itokanayo nacho, yaani mlowezi. Nchini Kenya nomino hiyo imebebeshwa mzigo wa historia. Mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili akiulizwa walowezi ni nani, atajibu kwamba ni wazungu waliotwaa ardhi.

Naye hatakuwa amekosea, hasa akiwa ametoka maeneo ya Kericho. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ardhi kubwa ya Wakipsigis ilitengewa maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani ili wakalime kitani. Mpango huo uliporomoka, na katika miaka ya 1920 kampuni za chai za Brooke Bond na James Finlay zikashika hatamu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ikawahamisha kwa nguvu watu wa ukoo wa Talai, wazee kwa watoto, hadi Gwassi karibu na Ziwa Viktoria. Hivyo eneo hili limeshuhudia aina mbili za uhamaji: wa maofisa waliokuja kwa hiari yao kuanza maisha mapya kabla ya uzee, wakipewa mashamba, na wa Talai waliopelekwa pasipo hiari, wakinyang'anywa yao. Mwalimu wetu wa Siongiroi hamo katika kundi lolote kati ya hayo. Anakwenda kwa hiari, lakini hakuna anayemngoja na shamba.

Jambo hili linastahili kukaziwa, kwa sababu picha ya Uhispania iliyoenea duniani ni ile ya mzungu mstaafu. Waingereza kwa maelfu wamehamia pwani za Alicante na Málaga, wengine kabla ya kufikia umri wa pensheni, wakauza nyumba zao kwao na kununua nyingine penye jua. Baada ya Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2021 wao nao huomba viza kama watu wengine. Viza inayowafaa wasiotaka kufanya kazi hudai mwombaji aonyeshe kipato cha mara nne ya kiwango rasmi kiitwacho IPREM. Mwaka 2025 kiwango hicho kilikuwa yuro 600 kwa mwezi, kwa hiyo mwombaji alitakiwa kuwa na yuro 2,400 kila mwezi, na yuro 600 zaidi kwa kila mtegemezi. Kwa shilingi za Kenya, kiasi cha mwombaji peke yake kinazidi 300,000. Mwalimu wa shule ya msingi hakupata mshahara wa namna hiyo alipokuwa kazini, sembuse pensheni. Viza nyingine ya wenye kununua majumba ilikomeshwa mwezi Aprili 2025, nayo haikuwa yake tangu hapo.

Kwa hiyo mtu wa Siongiroi hawezi kwenda Uhispania kupumzika. Akienda, atakwenda kufanya kazi, na hapo umri huanza kumfanyia hesabu. Pensheni ya uzeeni ya Uhispania humtaka mtu awe amechangia kwa miaka isiyopungua 15, na umri wa kawaida wa kustaafu unafikia miaka 67 mwaka 2027. Atakayeanza kuchangia akiwa na miaka 52 atatimiza hiyo 15 siku atakayofikisha 67, mradi asikose kazi hata mwezi mmoja. Atakayeanza akiwa na 55 atalazimika kufanya kazi hadi 70. Wamorocco na Watunisia nchi zao zimetiliana saini na Uhispania mikataba ya hifadhi ya jamii, hivyo miaka ya michango ya huku na kule huweza kujumlishwa. Kenya haimo. Miaka 28 ya mwalimu huyo darasani, mbele ya karani wa Madrid, ni sifuri.

Huenda ikasemwa kuwa hoja hizi ni za mhasibu, na kwamba binadamu hahami kwa kikokotoo. Ni kweli. Wanariadha wa Bonde la Ufa wamehama na kufaulu. Wilson Kipketer aliikimbilia Denmark, Lornah Kiplagat akawa raia wa Uholanzi mwaka 2003. Lakini mwanariadha huhama miguu ikiwa bado na nguvu, na mji unaompokea hujua thamani yake kabla hajafika. Hata jiji la Valencia, ambako marehemu Kelvin Kiptum alikimbia marathoni yake ya kwanza mwaka 2022 kwa saa 2:01:53, vijana wengi wa Kenya hulifahamu kwa barabara yake ya mashindano tu. Hufika, hukimbia, hurudi. Tena inafaa kukumbukwa kuwa Lornah Kiplagat alijenga kituo cha mazoezi Iten. Mguu mmoja ulibaki nyumbani.

Basi kulowea kwenyewe ni nini? Makala haya yanashikilia kwamba si nyumba wala kibali, ni lugha. Ushahidi wa karibu zaidi uko papa hapa. Walowezi wa Kenya walikaa miongo kadhaa, na walichokizungumza na watumishi wao kikaitwa Kisetla: Kiswahili kilichonyofolewa ngeli, kikabakizwa amri. Ilete, peleka, bado, haraka. Kwa lugha ya namna hiyo mtu anaweza kuagiza chai kwa miaka 40 asiweze kumpa pole jirani aliyefiwa. Walikuwa na ardhi, vilabu na makanisa, lakini kwa maana halisi ya kitenzi, wengi wao hawakulowea. Inashangaza kwamba waliopewa jina la walowezi ndio waliolistahili kwa uchache zaidi. Leo baadhi ya Waingereza wa pwani ya Uhispania wanaishi vivyo hivyo, magazeti yao kwa Kiingereza, maduka yao kwa Kiingereza, na daktari huendewa na mkalimani.

Mwalimu wa Siongiroi ana kishawishi hichohicho, kwa kuwa naye anakijua Kiingereza. Akikitegemea, ataishi miongoni mwa wageni wenzake hadi azeeke. Hata hivyo ana akiba ambayo Mwingereza hana. Amekua na Kikipsigis, amefundisha kwa Kiswahili na Kiingereza, na lugha ya nne haimtishi mtu wa namna hiyo. Kihispania kina irabu tano, zile zile za Kiswahili, na hutamkwa kwa sehemu kubwa kama kinavyoandikwa. Maneno yake mengi yanayoishia kwa irabu hukaziwa silabi ya pili kutoka mwisho, kama ya Kiswahili. Na mtu aliyezoea ngeli zote za Kiswahili na upatanisho wake, jinsia mbili za Kihispania, ya kiume na ya kike, zitamchosha kwa wiki chache tu. (Akiishia Barcelona atakuta na Kikatalani pia, hapo aombewe.) Ajabu ni kwamba vyuo vyetu havijawahi kuitazama maarifa hii ya Kiswahili kama mtaji wa mhamaji. Kozi za isimu linganishi hukilinganisha Kiswahili na Kiingereza mwaka baada ya mwaka, kana kwamba dunia ina lugha mbili.

Sheria ya Uhispania yenyewe, kwa namna yake, inakubaliana na hoja hii. Mtu aliyeishi huko bila karatasi anaweza kuomba kibali kwa njia iitwayo arraigo, neno lenye asili ya mzizi. Kwa muda mrefu alitakiwa awe amekaa miaka mitatu. Tangu Mei 2025 ni miwili. Anatakiwa kuonyesha kwamba ameota mizizi: amejiandikisha katika daftari la wakazi la manispaa, ana ndugu au kazi, anafahamiana na watu. Mfasiri wa Kiswahili akilikuta neno hilo hana haja ya kuhangaika. Ni kulowea. Na anayeomba uraia hufanyiwa mtihani wa Kihispania na mwingine wa katiba na utamaduni wa nchi.

Wapo watakaouliza kwa nini mwalimu asibaki tu Siongiroi, achunge ng'ombe wake, astaafu kwa heshima. Swali hilo hutolewa mara nyingi kwa sauti ya lawama, kama kwamba kuhama ni usaliti. Ken Walibora alisomea shahada ya uzamifu Marekani, akafundisha Wisconsin, kisha akarejea Kenya, alikofariki mwaka 2020. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa kijana, akafundisha Uingereza hadi alipostaafu, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Hakuna anayeweza kusema yupi kati yao aliipenda zaidi nchi yake. Kinachomdai mwalimu hesabu ni watu walio nyumbani: mama mzee asiye na wa kumpeleka kliniki Longisa, shamba litakalokodishwa kwa jirani hadi mpaka usahaulike, mtoto wa mwisho aliye kidato cha tatu. Hao hawaulizwi na ubalozi. Katika kokwet wangeulizwa.

Limebaki suala la kiapo. Wenyeji wa nchi za Amerika ya Kilatini, pamoja na Wafilipino na watu wa Guinea ya Ikweta, huweza kuomba uraia wa Uhispania baada ya miaka miwili. Mkenya husubiri kumi. Mwalimu aliyeondoka Siongiroi akiwa na miaka 50, akapata kibali mara tu alipofika, atafikia siku hiyo akiwa na 60, mwaka uleule ambao walimu wa rika lake wanaagwa shuleni kwa nyimbo na mbuzi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili. Uhispania haimruhusu, humtaka atamke mbele ya ofisa kwamba ameukana uraia wa awali. Ukaazi wa muda mrefu, unaopatikana baada ya miaka mitano, haudai tamko hilo, ila pia haumpi kura ya bunge.