Mlio wa Gia Usipuuzwe

Vyombo vya moto vinavyowahudumia wananchi wa visiwa vyetu vina maradhi yanayoanza kwa sauti. Dereva huisikia, utingo huisikia, hata abiria aliyekaa nyuma na tenga lake la samaki huisikia. Anayechelewa kuisikia ni mwenye kalamu ya kuidhinisha matengenezo.

Mwandishi wa safu hii alipata kusafiri kutoka Chake Chake kwenda Wete katika gari ya idara moja. Gia ya tatu ililia njia nzima. Nyingine zote kimya. Dereva alikwisha kuripoti mara mbili, akaambiwa asubiri. Leo gari hiyo nayo inasubiri, juu ya mawe.

Mlio wa gia moja tu huelekeza kwenye meno ya gia hiyo. Ukisikika gari imesimama bila ya gia, kisha ukatoweka klachi ikikanyagwa, beringi ya shafti inayoingiza nguvu katika giaboksi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Ukizuka pale tu klachi inapokanyagwa, itazamwe beringi ya klachi yenyewe. Mvumo unaobadilika dereva akikanyaga na kuachia mafuta, katika gia zote, mara nyingi hutoka kwenye difu. Lakini mlio unaopanda na kushuka pamoja na injini hata gari imesimama, tena kutoka mbele ya injini, unataka gia za taimingi zichunguzwe pale pale. Hizo ndizo zinazopanga kufunguka kwa vali. Meno yake yakikatika, vali na pistoni huweza kugongana. Fundi hodari huutafuta mlio huo kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye injini na mpini sikioni.

Kabla ya yote hayo yapimwe mafuta ya gia. Vipande vya chuma ndani yake ni ushahidi usiohitaji hotuba. Katika boti, mafuta yakigeuka meupe kama maziwa, maji yamekwisha kuingia, na chombo hicho hakistahili kupakia abiria mpaka kitengenezwe.

Inasikitisha kwamba fedha za kopo la mafuta hukosekana, lakini za giaboksi nzima hutafutwa hadi zikapatikana. Mali ya umma ni amana. Tunawataka wahusika waweke daftari katika kila chombo, dereva au nahodha aandike mlio aliousikia na siku alioripoti, na mkubwa wake atie saini chini ya maneno hayo.