Kompyuta Ikigoma Kuwaka, Usikimbilie Kununua Diski

Wenye maduka ya jumla wengi bado wanatunza hesabu za mauzo na orodha ya wadeni kwenye kompyuta za zamani, na hatuoni ubaya: mashine iliyokwisha kulipiwa haidai riba. Hasara huja asubuhi ile inapogoma, skrini nyeusi ikiwa na maandishi ya Kiingereza kwamba diski haionekani. Fundi anaitwa, anatamka kuwa diski imekufa, na kabla ya adhuhuri mpya imenunuliwa. Wadeni wote wamesamehewa bila mwenye duka kupenda.

Maoni yetu ni kwamba hukumu hiyo hutolewa haraka mno. Mashine inapoanza, bonyeza Del au F2 (hutegemea aina) uingie kwenye mipangilio yake, kisha utazame tarehe. Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, mshuku wa kwanza ni betri. Katika kompyuta nyingi ni ile ya mviringo kama sarafu, CR2032 ya volti 3, inayotunza mipangilio umeme unapozimwa. Kwenye mashine za 486 za mwanzoni mwa miaka ya 1990, idadi ya silinda, vichwa na sekta za diski ilihifadhiwa humo. Betri ikifa, mashine husahau kuwa ina diski. Za baadaye huitambua diski zenyewe, lakini nazo zina mtego: mpangilio wa SATA unaweza kuhama kutoka AHCI kwenda IDE, na Windows 7 iliyozoea AHCI ikaonyesha skrini ya buluu na kuanza upya kila mara. Badilisha betri, rudisha mpangilio, uone.

Angalia pia flopi au flashi iliyosahaulika mahali pake, na waya wa diski uliolegea.

Diski inayogonga tik-tik mfululizo ni habari nyingine. Izime papo hapo; kila ukiiwasha tena unaweza kuharibu zaidi kilichobaki.

Neno la kuogopa hasa ni "kufomati". Tunalijua duka moja la vipuri ambalo fundi alifomati diski nzima kabisa, akaweka Windows upya, akalipwa. Kesho yake tarehe ilikuwa imerudi nyuma tena. Kosa lilikuwa betri tu, na mwenye duka alitumia miezi mitatu kuwauliza wateja wanadaiwa kiasi gani. Majibu yao unaweza kuyakisia.

Kwa hiyo, kabla ya lolote, diski ifungwe kwenye kompyuta nyingine kama diski ya pili, na mafaili ya hesabu yanakiliwe mbele ya macho yako. Sisi tungegawa malipo ya fundi mara mbili: nusu nakala zikifunguka, nusu mashine ikiwaka.