Kata Dirisha Kwa Hiyo CPU, Wachana na Kesi ya Glasi

Wasee, tuongee ukweli kidogo. Sisi wote huita lile sanduku zima "CPU". Muuzaji anasema hivyo, mwalimu anasema hivyo, hata pale saiba wanasema hivyo. Lakini CPU ni kachipu kadogo kamejificha chini ya feni. Sanduku tumelipa jina la kitu kilicho ndani kwa sababu wengi wetu hatujawahi kuona huko ndani.

Ndio maana msimamo wangu ni huu: kama uko na Dell OptiPlex ama HP ya ex-UK hapo nyumbani, kata dirisha kwa kile kifuniko cha ubavuni.

Najua mtasema hiyo ni mbwembwe ya watu wa gemu na taa za rangi. Sawa, taa ni hiari yako. Mimi naongelea kuona. Ukiwa na dirisha, unaona feni imesimama kabla mashine haijaanza kujizima. Unaona vumbi la barabara limejaa kwa hitsinki. Unajua RAM yako ni vijiti vingapi, badala ya kuamini neno la mtu. Kesi ya glasi inakupa hayo pia, lakini kwa nini ununue sanduku jipya na lako bado ni zima?

Na hapa Suneka hatukosi mikono. Jua kali wanaokata milango na grili za madirisha kila siku watashindwa na bati jembamba namna hiyo? Ukienda Tabaka, watu wanachonga jiwe la sabuni na kulipiga msasa kwa maji hadi linateleza. Finishingi tunaijua, ni vile tu hatujaileta kwa kompyuta.

Sasa skiza vizuri. Toa kifuniko, uende nacho peke yake kwa fundi. Usikate kikiwa kwa mashine, kwa sababu unga wa chuma hupitisha umeme na ukitua kwa mazabodi, kwaheri. Kabla ya kuchora, angalia upande wa ndani: kuna lachi, kuna matundu ya hewa, na vifuniko vingine vina bomba la plastiki la kupeleka hewa kwa feni. Hayo usiyaguse. Bandika selotepu ya karatasi, chora juu yake, toboa shimo kila kona. Jigso yenye meno madogo ya chuma ndiyo poa zaidi. Grainda yenye diski nyembamba pia inafanya, lakini mwambie fundi aende polepole. Joto hukunja bati na kuchoma rangi. Piga tupa kingo zote, kwa sababu bati mbichi inakata kidole kama wembe, halafu paka rangi isishike kutu.

Kioo cha dirisha la nyumba usiweke, kikivunjika ni hatari. Tumia akriliki, ile plastiki ngumu ya watengenezaji mabango. Unene wa milimita 3 unatosha. Iache izidi tundu karibu sentimita 2 kila upande, uibandike kwa ndani na tepu ya pande mbili. Kwisha.

Kuna hoja moja naiheshimu: chuma huzuia mawimbi ya umeme yasisumbue redio. Ni kweli, na dirisha hupunguza hiyo kinga kiasi. Lakini kesi za glasi zimejaa sokoni na watu wanazitumia bila shida. Fremu iliyobaki ni chuma bado, na waya wa ardhi uko palepale.

Kwangu, kubwa zaidi ni watoto. Serikali ilipoanza kupeleka tableti kwa shule za msingi mwaka wa 2016, zilikuja zimefungwa kabisa. Mtoto anagusa skrini, basi. Sekondari anachora mazabodi kwa daftari akinakili kitabu. Hebu fikiria shule ikiwa na mashine moja tu yenye dirisha pale mbele ya darasa. Mwalimu anaonyesha kidole: hii ni RAM, hii ni diski, na CPU yenyewe iko chini ya hii feni. Hilo somo linagharimu kipande cha akriliki na dakika chache za fundi.

Kama shule yenu iko na mashine ya mnara imekaa tu kwa stoo, ongea na mwalimu wa kompyuta wiki hii. Halafu niambie hapa chini alisema nini.